Ea Klina Iliyopulizwa Kila Asubuhi

Siku ya kuniaga kazini, baada ya pilau na hotuba zilizonifanya nijione kama marehemu, Neema aliyerithi meza yangu alinivuta pembeni. "Mama, kabla hujatutoka. Ea klina ya gari ibadilishwe baada ya muda gani?" Nikamjibu, "Inategemea." Akacheka, akanikumbusha kuwa hilo ndilo jibu nililompa siku aliyoanza kazi. Ni kweli. Sasa nimekaa Nzuguni, hapa Dodoma, namwagilia mchicha na kuwasumbua majirani wenye magari, na nimeona nimwandikie yeye na mafundi wenzake jibu lote, na jinsi nilivyolipata. Anayetaka habari za vyeo na mishahara yangu atafute kwingine. Vyeo sivikumbuki vizuri, na mishahara sipendi kuikumbuka.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Nilitoka chuo cha ufundi na cheti kwenye bahasha ya kaki, nikaripoti kwenye karakana iliyokuwa Miyuji, chini ya bati, pembeni mwa uwanja wa magari ya kliniki. Magari hayo yalipeleka wauguzi vijijini kuchanja watoto na kupima wajawazito. Mlinzi aliponiona na gauni na kapu, aliniambia akina mama wa chakula wanapita mlango wa nyuma. Nikapita mlango wa nyuma, maana ndio ulikuwa karibu na magari. Kapu lilikuwa na ovaroli.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Ndahani, Mgogo wa Kongwa, mfupi, mwenye tambara begani mchana kutwa kama mtu anayesubiri kunawishwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha hakuitazama bahasha yangu hata kidogo. Alinikabidhi bakuli la bati lililojaa uji mweusi.

"Hii nini, binti?"

"Ea klina, mzee."

"Inakula nini?"

"Hewa."

"Hewa ya wapi?"

Chuoni hawakutufundisha kwamba hewa ina kwao.

"Ya Dodoma," akasema. "Basi inakula vumbi. Kaoshe, uje uniambie imekula kiasi gani."

Magari ya wakati ule hayakuwa na chujio la karatasi. Hewa iliingia kwenye bakuli, ikagonga oili iliyokaa chini, vumbi likanasa humo, na hewa safi ikapanda kwenda kwenye injini. Kazi yetu ilikuwa kulifungua bakuli, kumwaga ule uji, kuliosha kwa diseli, kulifuta, na kutia oili mpya hadi kwenye mstari. Ukizidisha, injini inanyonya oili na kutoa moshi kama tanuri la matofali. Ukipunguza, vumbi linapita. Kiangazi, gari likienda vijijini na kurudi, bakuli la asubuhi lilikuwa si bakuli tena jioni. Kwa hiyo Mzee Ndahani alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: asubuhi kabla ya chai, ea klina kwanza. Dereva aliyekunywa chai kabla hajafungua bakuli alitazamwa kama mtu aliyekula kabla wageni hawajanawa.

Nilimpenda yule mzee kwa jambo moja. Alikuwa anataka kujua. Aliuchukua ule uji kwa vidole viwili, akausugua, akaniambia gari lilikopita. Vumbi la njia ya Kongwa lilikuwa jekundu na jepesi kama unga wa muhogo. La mbugani lilikuwa la kijivu, lenye kushikamana. Mwanzoni nilidhani ananidanganya, nikawa namuuliza dereva kwa siri. Mzee hakukosea hata mara moja, na akajua kuwa nauliza, akawa ananichekea. Baadaye na mimi nikaweza. Mpaka leo nikishika boneti ya jirani, najua Jumapili alikwenda wapi, jambo ambalo si majirani wote wanalifurahia.

Alinifundisha pia kwa nini tunahangaika. "Vumbi ni mawe, Zaina," aliniambia. "Madogo, lakini mawe. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda mchana kutwa. Ukiyatia mawe hapo katikati, umetia tupa." Nimesoma vitabu vingi vya injini tangu siku ile, na hakuna kilichoeleza vizuri kuliko hivyo.

Mzee alipostaafu akarudi kwao Kongwa, mimi nikabaki na spana zake na sheria yake. Mwaka uliofuata yakaja magari mawili meupe, mapya, pacha, siku moja. Nilifungua boneti ya la kwanza nikatafuta bakuli, sikulikuta. Palikuwa na boksi la plastiki lenye vibanio, na ndani yake chujio la karatasi lililokunjwa marinda kama sketi ya mtoto wa shule. Nililitoa nikaligeuza huku na huku. Nilijiuliza karatasi itawezaje kushindana na vumbi letu. Kitabu cha gari kilikuwepo, kwa lugha ngumu. Nilikisoma kurasa za mbele nikakiweka kabatini, nalo hilo nalikiri mapema.

Tulikuwa tumeshapata kompresa ya kujazia matairi. Basi nikaamua: bakuli lilioshwa kila asubuhi, karatasi itapulizwa kila asubuhi. Nilichukua brashi na rangi nyeupe, nikaandika ukutani kwa mkono wangu: PULIZA EA KLINA KILA ASUBUHI. Wageni wa shirika lililotuletea magari waliupiga picha ule ukuta. Nilisimama pembeni nikijifanya siwaoni.

Kabla sijafika kwenye msiba wenyewe, niwape kesi moja. Gari moja lilirudi kutoka Kongwa likivuta kwa shida, linatoa moshi mweusi, mlimani linapitwa na baiskeli. Dereva alikuwa na hakika kuwa pampu ya diseli imekufa. Nilifungua boksi la ea klina kwanza, kwa mazoea tu, na karanga zikamwagika miguuni pangu. Panya alikuwa amelifanya ghala. Wazungu walikuja Kongwa zamani kulima karanga kwa matrekta yao wakashindwa, na panya huyu mmoja alikuwa amevuna boksi zima ndani ya gari letu. Funzo ni hili: gari likikosa nguvu na kutoa moshi mweusi, anza na hewa kabla hujaanza kununua pampu. Karanga tulizikaanga.

Sasa Yohana. Yohana alikuwa dereva wa mojawapo ya yale magari pacha, Mgogo, mzee wa kanisa, mtu mpole ambaye aliliita gari lake "mwenzangu". Wakati wa msiba huu alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu. Kila asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye kompresa. Alitoa chujio, akaligonga kwenye tairi mara tatu, akalipuliza kwa upepo wote wa mpira mpaka vumbi likaisha kutoka, akalirudisha. Gari la pili liliendeshwa na Mashaka, ambaye sidhani kama alijua boneti inafunguka upande gani. Nilimgombeza Mashaka mpaka nikachoka. "Dada Zaina," alikuwa akiniambia, "gari si mgonjwa, unampimia homa ya nini kila siku?"

Mwaka wa nne, gari la Yohana likaanza kula oili. Mwanzoni kidogo, kisha moshi wa bluu, kisha likaishiwa nguvu njiani likiwa na wauguzi wawili na chanjo kwenye barafu. Hakuna aliyeumia, lakini chanjo ziliharibika, na akina mama waliotembea tangu alfajiri na watoto mgongoni walirudi hivyo hivyo. Tulishusha injini. Silinda zilikuwa zimekwanguka, ringi za pistoni zimelika, na oili ukiisugua vidoleni ilikwaruza. Nilijua ni nini hata kabla sijakaa chini. Injini ile ilikuwa imekula vumbi.

Meneja wetu wa usafirishaji alikuwa mtu wa haki lakini wa haraka. Alijua, kama tunavyojua sote, kwamba kuna madereva wanaotoa ea klina wakaendesha bila hiyo ili gari livute zaidi. Gari la Mashaka, la umri ule ule, njia zile zile, lilikuwa zima kabisa. Kwa hiyo hesabu yake ikawa nyepesi: Yohana alitoa chujio. Jumanne alimwita mbele yetu akamwambia barua ya kumwachisha kazi itasainiwa Jumatatu.

"Mimi?" Yohana akasema. "Bosi, mimi naipuliza kila siku. Muulize dada Zaina. Kila siku ya Mungu."

"Ndiyo," nikasema. "Anaipuliza."

"Basi vumbi limepita wapi?"

Yohana alinitazama. Mimi nilitazama sakafu, kwa sababu swali lilikuwa zuri. Nawaambia kweli, siku ile huruma kwa Yohana ilikuja ya pili. Ya kwanza ilikuwa kutaka kujua. Gari linalotunzwa limekufa, gari lililotelekezwa ni zima. Nilikwenda na swali hilo nyumbani, nikala nalo, nikaswali nalo.

Jumatano mchana nilichukua machujio ya magari yote mawili nikaingia nayo stoo, nikafunga mlango na kuziba dirisha kwa gunia. Niliwasha taa ya waya ile ya kuchungulia chini ya gari, nikaiingiza ndani ya chujio la Mashaka. Lilikuwa chafu la kutia aibu, rangi ya udongo, mwanga ukipita kwa mbali kama taa nyuma ya pazia zito. Lakini hakukuwa na tundu. Nikaiingiza kwenye la Yohana, jeupe, safi. Lilijaa vitone vya mwanga kila kunjo. Kwenye ncha za marinda karatasi ilikuwa imechoka na kufumuka nyuzi. Ukingo wa mpira unaoziba boksi ulikuwa umelegea upande mmoja, kwa kufunguliwa na kufungwa zaidi ya mara elfu.

Nikakaa juu ya ndoo. Nikalichukua tena la Mashaka nikalichungulia, na hapo ndipo nikaelewa jambo ambalo mpaka leo linanishangaza kila nikilifikiri. Vumbi lililotangulia kunasa kwenye karatasi linasaidia kulinasa linalofuata. Chujio lenye uchafu wa wastani linachuja vizuri kuliko jipya. Kila asubuhi Yohana alikuwa analiondoa lile tabaka la kumsaidia, na kila asubuhi alikuwa anaitoboa karatasi kidogo. Oili ya bakuli ilifurahia kusafishwa. Karatasi ilikuwa inauawa. Na aliyeandika ukutani ni mimi.

Alhamisi nilijiambia nataka uhakika. Nilichukua chujio jipya kutoka stoo nikalitendea kama Yohana: kugonga kwenye tairi, mdomo wa mpira karibu, upepo wote, tena na tena kwa idadi ya asubuhi za miezi miwili. Ijumaa nikaingiza taa. Vitone vilikuwa vimeanza. Ijumaa hiyo hiyo nikakitoa kitabu kabatini nikakifuata mpaka nyuma, na hapo pameandikwa wazi kuwa penye vumbi jingi chujio likaguliwe mapema na libadilishwe mapema, lisioshwe, lisigongwe, na likipulizwa iwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Ukurasa ulikuwa haujawahi kufunguliwa. Karatasi zake zilikuwa bado zimeshikana.

Jumamosi nilikwenda Kongwa kwa Mzee Ndahani. Nilimkuta anapura mtama. "Mbukwa," akanisalimia kwa lugha ya kwao, akaniletea kigoda. Nilimweleza yote, na nadhani nilichotaka ni aniambie kuwa kosa ni lake, kwamba sheria ilikuwa yake na mimi niliirithi tu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliligeuza lile chujio la Yohana nililompelekea, akalichungulia juani kwa jicho moja, muda mrefu.

"Hii kitu nzuri," akasema. "Karatasi tu? Wameweza."

"Mzee, wewe ulinifundisha kila asubuhi."

"Nilikufundisha bakuli, mwanangu. Karatasi umejifundisha mwenyewe." Alinirudishia. "Na yule dereva, ameshaambiwa haya?"

Nikasema bado.

Alinifungia mtama kwenye kitambaa, nikarudi Dodoma nikiwa nimekasirika, sijui kwa nani.

Jumatatu asubuhi niliingia kwa meneja kabla hajakaa. Nilikuwa na taa ya waya, machujio matatu na kitabu. Nilimwomba afunge pazia. Alidhani nimechanganyikiwa, lakini akafunga, nikamwonyesha la Mashaka, kisha la Yohana, kisha lile nililolitoboa mwenyewe.

"Unataka kuniambia usafi ndio umeua injini?"

"Usafi wangu, bosi. Yohana alifanya nilichoandika. Mashaka amepona kwa sababu hanisikilizi."

Akachungulia tena la Yohana. Alikuwa amepiga goti kwenye zulia lake, bila kujijua. "Hii barua imeshachapwa," akasema.

"Badilisha jina tu. Weka langu."

Aliibadilisha, ila ikawa onyo badala ya kuachishwa. Imo kwenye faili langu mpaka leo, na Neema akiitafuta ataiona. Alasiri ile nilipiga rangi juu ya maneno ya ukutani, na hakuna mgeni aliyekuja kupiga picha.

Injini ilifumuliwa ikasukwa upya, na siku ya kulirudisha gari barabarani nilimwita Yohana nikamfungia chujio jipya mbele ya macho yake, nikimwonyesha kila hatua. Nawaandikia kama nilivyofanya. Injini iwe imezimwa na imepoa. Futa kwanza mfuniko wa boksi kwa nje, la sivyo vumbi la juu ndilo la kwanza kuingia. Legeza vibanio, inua chujio la zamani taratibu bila kulitikisa, kisha ziba mdomo wa bomba la hewa kwa tambara safi kubwa la kuonekana, usije ukalisahau humo kama alivyofanya fundi mmoja ambaye simtaji kwa kuwa nimeolewa na kaka yake. Futa boksi kwa kitambaa chenye unyevu. Pitisha kidole ndani ya bomba, upande wa injini: kikitoka na vumbi, kuna mahali panapovuja, na kubadilisha chujio peke yake hakutakuokoa. Linganisha jipya na la zamani, urefu, upana na mpira wa ukingo, maana madukani yapo yanayofanana kwa sura tu. Liweke, zungusha kidole pande zote uhakikishe limekaa, toa tambara, funga vibanio vyote. Kinachokataa kufunga kinakwambia halijakaa.

Na muda? Kwa njia zetu za vumbi, mimi nilikuja kukata nusu ya kilomita zilizoandikwa kitabuni kwa anayeishi kwenye lami. Katikati hapo lichungulie kwa taa, si kila asubuhi. Mwanga ukikataa kupita, badilisha. Ukipita kwenye kitone kimoja, badilisha siku hiyo hiyo. Likilowa maji au oili, au mpira ukikakamaa, badilisha. Vinginevyo liache lifanye kazi yake, hata kama linakutia aibu.

Yohana alisikiliza yote, mikono nyuma. Nilipofunga kibanio cha mwisho aliuliza, "Sasa asubuhi nitamfanyia nini mwenzangu?"

"Pima oili, pima maji, tazama matairi. Hili usiliguse."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nilidhani amemaliza.

"Dada Zaina, ulijua lini?"

Ningeweza kusema Ijumaa. Ijumaa ndiyo nilipata uhakika, na kitabu, na kila kitu. Nilifikiria hata kusema Jumamosi.

"Jumatano," nikasema. "Mchana."

"Na ukamwambia bosi Jumatatu."

"Jumatatu."

Alihesabu kwa vidole vyake, kidole kimoja kimoja, na mimi nikamwacha ahesabu. Siku tano alikuwa amekaa nyumbani na mkewe akijua kuwa anafukuzwa kwa kosa la kutoa chujio, na Jumapili alisimama kanisani mbele ya watu wanaojua. Siku tano mimi nilikuwa natafuta uhakika wa kitu nilichokijua juu ya ndoo. Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini neno lenyewe lilikuwa dogo mno.

"Tano," akasema. Akafungua mlango wa gari, akapanda, akarekebisha kioo chake. "Mimi ningekaa kumi kabla ya kukiri."

Akawasha, akasikiliza injini kidogo, akaondoka kuwachukua wauguzi.